Nauli ya Vituo Viwili

Mimi ndiye ninayekaa dirisha namba tatu, la malalamiko ya nauli, na watu hunichukia. Sawa, na mimi siwapendi. Tangu tiketi za karatasi zifutwe na kila abiria alazimishwe kuwa na kadi, wanafika kwangu wamevimba, wanagonga kioo kwa pete zao, wanataka hela zao. Nawaacha mpaka povu liwaishe, kisha nawaeleza utaratibu. Ukipanda basi, gusisha kadi kwenye mashine. Ukishuka, gusisha tena. Ukikaa ndani zaidi ya saa moja na nusu, unakatwa nauli ya njia nzima. Imeandikwa nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo. Sikuziandika mimi.

Mama yule alikuja Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafuta kioo. Mtu wa miaka sitini hivi, gauni limenyooka kwa pasi. Hakugonga. Alisubiri nimtazame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu atakuja hapa kulalamikia kadi yangu. Akiomba ile karatasi inayoonyesha safari zangu, tafadhali usimpe."

Nilitazama kwenye kompyuta. "Kadi imeandikishwa kwa jina lake, mama. Ana haki ya kuiomba."

"Ndiyo maana nimekuja mimi kwanza."

Akanieleza, akiongea chini chini. Mumewe anaamini kwamba mara tatu kwa wiki yeye mama huenda kliniki kufanyiwa mazoezi ya goti, kituo cha pili kutoka kwao. Kliniki walishamruhusu tangu mwaka jana. Mumewe hajamwambia. Anapanda basi, anaipita kliniki, anakwenda mpaka mwisho wa njia, hashuki, anarudi na basi lilelile. Enzi za tiketi za karatasi ulilipa mara moja, na hakuna aliyejali umekaa kwenye kiti muda gani. Kadi ndiyo imemchongea, salio linaisha kuliko nauli ya vituo viwili.

"Unakwenda kuonana na nani?" nikauliza. Na mimi ni binadamu, umbea naupenda.

"Sionani na mtu. Nakaa tu." Akatazama nyuma, ingawa ukumbi ulikuwa mtupu. "Alikuwa mkaguzi wa shule. Amestaafu, sasa ananikagua mimi. Anahesabu vijiti vya kiberiti. Nikiingia bafuni anasimama mlangoni na saa yake. Ndani ya basi hakuna anayeniita. Yale masaa mawili ndiyo yananivusha wiki, mwanangu. Akijua, atayaziba, na mimi sitaweza. Nakwambia ukweli, sitaweza."

Nikamwambia aondoe wasiwasi. Nauli iliyozidi, ikiwa kiasi kidogo kama kile, nina ruhusa ya kuirudisha kwa sahihi yangu, bila kuchapisha karatasi yoyote. Akapitisha mkono kwenye tundu la kioo, akanishika vidole. Nilimwahidi, na nilipokuwa namwahidi nilimaanisha.

Jumatano wakaja wawili. Mkaguzi alikuwa na koti, daftari la mistari na kalamu tatu mfukoni. Nyuma yao foleni ilifika mlangoni. Mama alisimama nyuma ya bega la mumewe, macho yake kwangu.

Nilimwamkia mzee. Hakuitikia.

"Kliniki ni kituo cha pili," akaanza, kwa sauti ya kufikia darasa zima. "Mke wangu anakwenda mara tatu kwa wiki. Mmemkata nauli ya njia nzima mara ishirini na sita. Nimeandika tarehe zote. Huu ni wizi wa mchana kweupe."

Nikavuta fomu, nikaijaza. Nikaandika kwamba mashine ilikuwa na hitilafu. Ilibaki sahihi na muhuri tu, waende zao.

Mzee akanyoosha mkono, akaichukua fomu kabla sijasaini. Akaisoma yote. Kisha akatoa kalamu nyekundu, akaandika juu yake, pembeni: tatu kwa kumi.

"Mwandiko wa kuku huu," akasema. "Uliishia darasa la ngapi, binti? Andika upya. Na uongeze kwamba ninyi ni wezi na kwamba unaomba radhi."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Wa pili akadakia, halafu wakawa wengi. Damu ilinichemka mpaka masikioni. Miaka kumi na miwili nakaa kwenye kiti kile, na hakuna aliyewahi kunipa maksi. Ningeweza kusema niliogopa kwamba nikisaini, kesho watakuja wote na madaftari. Si kweli. Sikuwaza kesho. Nilitaka kumwona ananyamaza.

Mama alitikisa kichwa, kidogo sana. Nilimwona.

"Mashine haijakosea, mzee," nikasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Nikachapisha. Karatasi ilitoka ndefu, nikaisoma mwenyewe, kwa sauti. "Jumatatu. Amepanda kituo cha kwenu saa nne na dakika tano. Ameshuka kituo hichohicho saa sita na robo. Katikati hajagusisha popote. Jumatano, vilevile. Ijumaa, vilevile." Nilisoma safari zote ishirini na sita, sikuruka hata moja. Nilifurahi, nisidanganye.

"Sasa huyo alikuwa anakwenda wapi?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Haendi popote," nikamjibu. "Kliniki walishamruhusu. Anazunguka tu na basi ili asikae nyumbani."

Ukumbi mzima ukanyamaza, na mzee akanyamaza pia. Niliupata ule ukimya nilioutaka. Ulidumu mpaka mzee alipoichukua ile karatasi, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Hakugeuka kumtazama mkewe. Alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjuka.

"Nisamehe, binti," akasema. "Kumbe kazi unaijua." Akafuta ile tatu, akaandika tisa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Kadi ikifungwa, salio lake linarudishwa?"

"Linarudishwa."

"Basi ifunge."

Mama akaitoa kadi kwenye mfuko wa miwani yake. Wengine huwa nawaambia kufunga kadi ni siku thelathini, warudi mwezi ujao, na wanarudi. Ningeweza kumwambia hivyo. Lakini mzee alikuwa bado ananitazama vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wake bora, na mkono wangu ulishafika kwenye kitufe. Nikampa mzee salio la kadi. Akalihesabu, akasaini.

"Kuanzia leo goti tutalifanyia mazoezi nyumbani," akamwambia mkewe. "Nitasimamia mimi mwenyewe. Mshukuru binti."

"Asante, mwanangu," mama akasema.

Mzee akatazama saa yake.

"Saa tano na dakika ishirini. Tukitembea haraka, saa sita kasoro utakuwa jikoni."

Akamshika mkono juu ya kiwiko, na mama akaenda naye.