Vyuma vya Ziada

Mtaani walimwita Dada Cheche, na jina lilimkaa, maana hakuna fundi wa kuchomelea aliyetoboa nguo kwa moto kama yeye. Mdogo wake alikuwa Vumbi. Kwenye mashindano ya magari, wenzake walimjua zaidi kwa vumbi alilowaachia kuliko kwa sura. Kisha akaenda ng'ambo kutafuta maisha, na vumbi hilo akamwachia dada yake.

Siku ya kuondoka alilipiga teke tairi la gari lao la mashindano. "Bodi inajipinda kwenye kona, dada. Usukani unasema hivi, magurudumu yanasikia vingine. Ikaze. Nikirudi, tunashinda."

Dada Cheche akakaza. Alichomelea maungio yote ya bodi, akapitisha bomba la chuma nyuma ya viti, akatia vipande vya pembetatu kwenye kona za chesisi. Kisha akalipima kama wenye kazi wanavyopima: unainua kona moja ya nyuma kwa jeki, halafu unafunga mlango. Gari legelege hupinda na mlango ukagoma. Huu ulifunga vizuri, kama wa kabati jipya. Mtu mwenye akili zake angefunika turubai, akaenda kunywa chai.

Yeye hakuacha. Vumbi akipotea miezi bila kupiga simu, Dada Cheche anaongeza bomba. Mama yao alipozikwa, na Vumbi akamlilia kwenye simu, alichomelea sahani nzima ya chuma chini ya kiti cha dereva. Alimkumbuka mdogo wake hadi kifua kikamuuma, na kwa kuwa maneno hayakuwa fani yake, alishika chuma.

Sasa Vumbi alikuwa amekuja, na kitambi juu. Mizigo hata hakuifungua. Alitia gari moto akatoka nalo kwenye njia ya kokoto nyuma ya karakana. Dada Cheche alisimama getini akimsubiri. Gari likimpendeza, huenda akabaki. Hakuwa amemwambia mtu, lakini ndilo lilikuwa ombi lake lote.

Vumbi alirudi polepole.

"Halijipindi hata chembe," alisema. "Lakini dada, mbona zito hivi? Hapo mlimani nimeona aibu, baiskeli imenipita."

Akatafuta jeki mwenyewe, akainua kona, akafunga mlango. Ukafunga.

"Mlango ulianza kufunga hivi lini?"

"Mwaka ule ule ulioondoka."

Vumbi aliinama, akachungulia chini ya gari, akakaa huko muda. "Na haya machuma mengine yote ni ya nini?"

Dada Cheche alijikaza kisabuni, ikashindikana. "Nilikuwa nakukumbuka," akasema.

Vumbi hakufanya mzaha, yeye aliyefanya mzaha hata hospitalini. Alivua shati, akaomba grenda. Wakafanya kazi pamoja, yeye akikata, dada akimwelekeza na kumtajia kila chuma kilikuwa cha lini. Walipofika kwenye ile sahani ya mama, alizima grenda akafuta macho, akasingizia moshi.

Kilibaki kipande kimoja cha ziada kwenye kona ya mbele, rangi yake bado mpya.

"Hiki?"

"Juzi. Ulipopiga simu ukasema unakuja wiki moja tu."

Vumbi akatazama chini. Tiketi ya kurudi ng'ambo ilikuwa mfukoni, na wote wawili walilijua hilo. "Hiki kiache," alisema. "Nikirudi, nitakikata mwenyewe."

Maneno yale yale ya siku aliyoondoka. Dada Cheche alimpokonya grenda, akashusha miwani, akakata. Kipande kikaanguka sakafuni, bado chekundu pembeni.

"Ukirudi, rudi tu," alisema. "Gari lisiwe sababu. Mimi nipo."