Maziwa ya Ernesta

Mwaka 1975 nilikuwa tanboi wa lori la ushirika, lile lililopanda kutoka Same hadi Chome siku ambazo barabara ilikubali. Kule juu kuna kona kali kiasi kwamba siku moja dereva wetu alimpigia honi mtu aliyeziba njia, kumbe ni mkia wa lori letu wenyewe. Hadithi za namna hiyo zilininywesha dengelua bure kila Jumamosi.

Basi Jumamosi moja, pombe ya miwa ikiwa imekolea, niliwaambia wanywaji wenzangu kwamba alfajiri ile nimepishana na mwanamke aliyejitanda kanga hadi puani, amebeba furushi linalolia, anaelekea kwenye jabali. Kila Mpare aliyekuwepo alijua jabali ni la nini. Enzi za mababu, mtoto akiota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akapelekwa huko akasukumwa. Wamisionari walikomesha jambo hilo, lakini jabali halikuhama.

"Akarudi mikono mitupu," nikasema, "na jabali likacheua."

Wakacheka mpaka rafiki yangu Bartholomeo akamwaga kibuyu chake.

Sikuwa nimemwona mtu. Alfajiri ile nilikuwa Same, nimelala chini ya lori, nasubiri springi.

Wiki tatu baadaye, Ernesta, mke wa mdogo wangu Asheri, alikuwa akipalilia na wenzake kwenye shamba la kijiji. Alikuwa ameishi bondeni na mumewe anayekata mkonge, akapanda mlimani mwezi uliopita kwa sababu ya kichwa kumuuma. Ndoa ilikuwa na miaka mitano, mtoto hakuna. Akainama kung'oa gugu, blauzi ikalowa kifuani, pande zote mbili. Priska aliyekuwa kwenye mstari wa pili akasimamisha jembe.

"Ernesta, hayo si maziwa?"

"Sijui ni nini, dada. Yana miezi sasa."

"Ya mtoto yupi?"

Kabla jua halijazama kijiji kilikuwa kimeshayaunganisha maziwa yake na furushi langu. Wakasema alizalia huko mkongeni, mtoto akaota meno ya juu, akamleta nyumbani kumtupa. Asheri akatuma barua akiapa kwamba mkewe hajawahi hata kushika mimba. Wakasema naye alishiriki.

Nikakimbilia kwa mama yetu, Honorata. Nilimkuta anachambua maharage ya makande.

"Mama, ile hadithi ni uongo. Niliitunga mwenyewe."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

"Hakuna. Mimi ni mwongo, unanijua."

"Nakujua, nimekuzaa. Ndiyo maana siamini unachosema sasa."

Nikaenda kwa Bartholomeo. Akanitazama kwa huruma. "Zebedayo, kwa nini unaiharibu hadithi yako bora kuliko zote?"

Ukoo ukapanga kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, Ernesta arudishwe kwao Kwakoa. Kwao kulikuwa kumebaki kaburi la baba yake na kiwanja kilichoota miiba.

Yeye hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa na shughuli ya kujigonga kwenye vitu. "Shemeji, mlango huu umepunguzwa?" aliniuliza huku anasugua bega. Nilipotembea ubavuni kwake hakujua nipo mpaka nikohoe. Nikamwomba dereva, tukampakia juu ya magunia ya viazi hadi Same, kisha tukapanda basi hadi hospitali kubwa ya Moshi.

Daktari alinitoa nje kwanza wakaulizana mambo ya kike. Aliponiita ndani alikuwa ameshika picha ya fuvu la Ernesta dirishani.

"Hapa chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama harage," akasema. "Ndiyo inayoamuru hedhi ije, maziwa yatoke. Ya huyu mama imeota uvimbe. Si saratani, hautasambaa mwilini. Lakini unatoa amri moja tu, maziwa, kutwa nzima maziwa. Ndiyo maana hedhi imekatika na mimba haishiki. Na sasa umekua, unabana mishipa ya macho. Mbele anaona, pembeni haoni."

Ernesta akauliza, "Kwa hiyo sikuzaa?"

"Hujawahi kuzaa, mama."

"Andika, daktari. Andika hivyo hivyo. Na iwe Kiswahili."

Akaandika ukurasa mzima, akanikabidhi mimi. Ndani ya basi niliusoma mara tatu, hasa pale chini. Ernesta alikuwa ameegemea kioo, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya shamba.

"Na dawa, shemeji?"

"Ipo," nikamwambia. "Imeshafika Dar es Salaam, inasubiri gari tu."

Jumapili ikafika, ukoo ukakaa uani kwetu. Nikasimama, nikafungua karatasi.

"Keti, Zebedayo!" Bartholomeo akapaza sauti. "Wewe ukisoma kalenda, Jumatatu inakuja mara mbili!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama akanyoosha mkono. "Lete hapa."

Mama alikuwa na miezi minane kwenye kisomo cha watu wazima, na hakuwahi kusoma mbele za watu. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Alisoma polepole hivi kwamba kivuli cha mgomba kilimpita kuku aliyelala na kumrudishia jua.

"U-vi-mbe. Uvimbe." Kidole kikasogea. "Ha-ja-wa-hi ku-za-a." Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma wote kwa mkupuo. "Hajawahi kuzaa."



"Haya hayakutungwa na Zebedayo," Mama akasema. "Angetunga yeye, angetia simba."

Priska akajifunika uso kwa kanga. Bartholomeo akaanza kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani. Watu wakainuka mmoja mmoja.

"Kaeni. Sijamaliza ukurasa."

"Mama, inatosha," nikasema.

"Mwalimu ametufundisha kumaliza." Kidole kikashuka. "Da-wa i-me-a-nza ku-tu-mi-ka U-la-ya. Ha-pa nchi-ni ha-i-po. U-pa-su-a-ji pi-a ha-u-po. Ma-cho ya-ta-e-nde-le-a..." Akasimama hapo. Nikaomba Mungu neno lililofuata limshinde. Halikumshinda. "...ku-pu-ngu-a."

Ernesta akasema kwa sauti ndogo, "Soma tena, Mama. Labda umekosea."

Mama akasoma tena. Hakukosea hata silabi moja.

Ernesta akageuza kichwa huku na huku akinitafuta. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka bega lake la kushoto.

"Shemeji, ulisema iko Dar es Salaam."

Hadithi ilikuwa tayari mdomoni: meli, sanduku, karani aliyepoteza funguo. Mama akaniangalia, nikaimeza yote.

Mama akakunja karatasi. Kisha akainua kigoda chake kutoka ubavuni kwa Ernesta, akakihamishia mbele yake, karibu kabisa, magoti yakagusana, akaketi pale anapoonekana.