Maharagwe ya Debe la Bluu

Jioni ile Mbinya aliyamimina maharagwe kwenye ungo, akakaa mlangoni penye mwanga, akaanza kuyachagua. Yalikuwa mekundu na mazito, hayakuwa na tundu hata moja. Yalikuwa na vumbi la kijivu, lakini hilo halikumshangaza. Kwao Mutomo, mama yake huyahifadhi maharagwe kwa majivu, na siku ya kupika huyaosha maji mawili tu yakang'aa. Mbinya aliyaosha vivyo hivyo, akayaloweka kwenye sufuria kubwa na kufunika.

Kilichomsumbua kidogo ni harufu. Ilikuwa kali, ya kupanda puani. Akajiambia kwamba huenda debe alimoyachota liliwahi kubeba mafuta ya taa.

Angeweza kuuliza. Mama mkwe wake, Nduku, alikuwa pale nje akifunga mbuzi. Lakini wiki ya kwanza alipoolewa huku karibu na Kikima, Mbinya aliuliza chumvi inawekwa wapi, na Nduku akamjibu mbele ya majirani, "Kwani kwenu mlikuwa mnaunga na nini, machozi?" Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo Mbinya alitafuta kila kitu kwa macho. Kwa hiyo Nduku alipomwambia, "Kesho mwethya wanakuja kunilimia, toa maharagwe stoo uyaloweke," aliitikia tu, "Ndiyo, mwaitu," akimwita mama kwa Kikamba. Ndani ya stoo kulikuwa na gunia lililoshonwa mdomo na debe la bluu lenye kifuniko chepesi. Akaona aibu kukata uzi wa gunia la mwenyewe. Akachota kwenye debe, na maharagwe yote yakaisha.

Asubuhi alimwaga maji ya kuloweka, akachanganya maharagwe na mahindi, akabandika isyo hiyo juu ya mafiga. Wanawake kumi na mmoja wa mwethya, kikundi cha kulimiana kwa zamu, walikuwa wameshashuka shambani na majembe yao, wakitengeneza matuta kabla ya mvua. Sauti zao za kuimba zilifika jikoni. Mbinya alisukuma kuni, akaongeza maji, akasukuma kuni tena.

Karibu saa saba Nduku aliingia, akachota kijiko kimoja, akapuliza, akala.

"Imeiva," alisema. "Ongeza chumvi kidogo."

Nyuma yake alikuja jirani yao Muthoki, akaketi kizingitini na jembe mapajani.

"Nduku, huyu mke wa mwanao huwa anaongea?"

"Huongea na sufuria."

"Mwanao ameoa redio bila betri," Muthoki alisema, na Mbinya akainamisha kichwa kama kawaida. "Haya, mvua ndiyo hiyo. Mbegu unayo, ama utaanza kuzungukia majirani na bakuli?"

"Ya maharagwe ninayo, iko kwenye debe la bluu. Mwaka jana fukusi walinimaliza. Safari hii nimeipiga dawa mara tatu ya ile niliyoambiwa. Panya akiionja haoni kesho."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Mbinya aliitazama midomo ya mama mkwe. Ilikuwa na mafuta kidogo upande mmoja.

Alifungua kinywa. Akakifunga, akasukuma kuni.

Nje wanawake walikuwa wanafika, wananawa mikono, wanataniana nani amelima kama kuku. Nduku alisema, "Pakua, watu wana njaa." Mikono ya Mbinya ikapakua kwa mazoea tu. Akajaza sahani moja. Muthoki akanyoosha mkono na kuishika, lakini Mbinya hakuiachilia.

"Achilia, mama. Ama unataka nikuimbie kwanza?"

Hakuachilia. Wakavutana, isyo ikamwagika kwenye vidole vyake ikamuunguza, na bado hakuachilia.

"Ni ya debe," alisema.

"Nini?"

"Haya maharagwe. Niliyatoa kwenye debe la bluu."

Muthoki alitoa mkono kwenye sahani polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Nduku aliitazama sufuria. "Mbegu yangu yote?" aliuliza. Kisha akagusa midomo yake kwa ncha za vidole, na uso ukambadilika. "Muthoki, mimi nimeonja."

Muthoki ndiye aliyepata akili. Alitoka akawazuia wenzake, akaamuru shimo lichimbwe na isyo ifukiwe kuku wasiiguse, akampigia simu Kiema mwenye pikipiki. Nduku alipandishwa katikati, na Mbinya nyuma yake, akimshika kiuno. Hakuwahi kumgusa hivyo. Njia nzima aliuhisi mgongo ule ukiwa na jasho, na hakujua kama ni la jua au la dawa.

Kwenye zahanati muuguzi aliuliza maswali mengi. Kijiko kimoja? Saa ngapi? Dawa gani? Alimmulika Nduku machoni, akamsikiliza kifua.

"Na wewe ulionja?"

"Hapana," Mbinya alisema. "Sionji kabla ya mwaitu."

"Ni kidogo, lakini hatumwachi aende sasa," muuguzi alisema. "Atakaa hapa mpaka jioni. Kaa naye. Muulize kila mara anasikiaje. Mate yakimjaa, akitapika, pumzi ikibana, ama akikosa kujibu, niite kwa nguvu. Usione haya."

Wakabaki wawili kwenye benchi. Ukutani saa ilikuwa inagonga. Nduku alikuwa amefumba macho.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema bila kuyafumbua.

"Nilikuogopa."

Nduku alimeza mate. Mbinya aliliona koo lile likipanda na kushuka. Je, hayo ndiyo mate ya kujaa? Alingoja ameze tena. Akatazama kifua, akahesabu pumzi, akapoteza hesabu.

"Unasikiaje, mwaitu?"

Kimya. Mtu alipita koridoni na ndoo.

Mbinya alisimama. "Mwaitu," alisema kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia, "nimekuuliza, unasikiaje?"

Nduku alifumbua jicho moja.

"Nasikia njaa," alisema. "Niulize tena baadaye."

Mbinya aliketi, akautazama mshale wa saa, akauliza tena kabla haujasogea.