Mkia wa R

"Na huu mkia ni wa nini?" aliuliza Royce Tannehill. Alikuwa ameinama juu ya behewa dogo la mfano, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, pua yake ikikaribia kugusa paa.

Verlin Zook alijua fika ni mkia gani, ila alijitia hamnazo. Akachovya kibano chake kwenye kisosi cha maji, akakifuta, akakichovya tena.

"Mkia wa R, mzee wangu. Jina la reli, TUSCORA. Herufi zote zimekaa wima kama watu wazima, ila hii R imenyoosha mguu mpaka chini ya A."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Behewa lenyewe, la kweli, niliandika mimi. Namba 30417. Machi sabini na nne, siku yangu ya mwisho katika karakana ya reli. Nilitupa stensili pembeni nikaandika kwa mkono."

"Tumeanza," mmoja alinong'ona nyuma, na wanaume wawili watatu wakaangalia viatu vyao. Hapakuwa na mtu katika chama kile cha reli ndogo, wala katika mji mzima, asiyeijua hadithi ya ile R. Walikuwa wakiisikia tangu meza ya reli ilipojengwa chini ya kanisa la Walutheri.

Royce alijiinua taratibu. Alikuwa daktari wa meno kabla ya kustaafu, sasa mkaguzi wa chama, na mabehewa aliyatazama vilevile alivyotazama vinywa vya watu, kwa uvumilivu na bila huruma.

"Sawa kabisa," alisema. "Picha iko wapi?"

Kicheko kikapita chumbani. Wote waliinua macho ukutani, palipokuwa na ubao mweusi wenye maandishi meupe yaliyonyooka vizuri: HAKUNA PICHA, HAKUNA BEHEWA. Maana yake ilikuwa kwamba hata ukijenga behewa dogo zuri namna gani, halipandi kwenye meza mpaka ulete picha ya behewa lenyewe, la kweli, lenye namba hiyohiyo. Ubao ule aliuandika Verlin. Na sheria ile aliileta yeye.

Ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita, siku Clem Orwig, mwoka mikate, alipokuja na behewa la buluu lenye jina la binti yake aliyekufa limeandikwa ubavuni. Verlin alilipindua kwa kidole kimoja, magurudumu yakatazama juu, akauliza, "Picha iko wapi?" Watu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Clem alilifunga behewa lake kwenye leso ya karatasi, akatoka, na hakurudi kikaoni tena. Verlin alipenda sana kuisimulia hiyo nayo.

"Jumamosi tunawafungulia wageni milango," Royce aliendelea. "Miaka hamsini tangu karakana ifungwe. Gari moshi la mwisho lilikuwa na mabehewa tisa, na 30417 lilikuwa mkiani. Nalitaka, Verlin. Lakini nalitaka lilivyokuwa. Una mpaka Ijumaa."

"Utaipata picha yako," Verlin alisema.

Alirudi nyumbani amekasirika na amechangamka, kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu huku anajua kesi atashinda yeye. Mezani palikuwa na mashine yake ya kuchapia stika, kizee cha mashine, ambayo kazi yake moja kubwa ilikuwa kuchapa rangi nyeupe. Printa za siku hizi hazina weupe. Weupe wake ni ule wa karatasi. Ukitaka herufi nyeupe juu ya behewa la rangi ya kutu, unahitaji utepe mweupe, na tepe hizo ziliacha kutengenezwa siku nyingi. Verlin alikuwa amebakiwa na mmoja. Aliutumia wote kwenye karatasi moja yenye jina mara mbili, kwa ubavu huu na ule, na kila jina likiwa na ile R.

Alikuwa ameichora kwa wiki tatu. Upande mmoja alikwisha kuubandika: akakata stika kwa wembe, akailowesha kwenye maji vuguvugu yenye tone la sabuni, akasubiri mpaka ikaachana na karatasi yake, akaisukuma kwa brashi mpaka mahali pake, kisha akaipaka dawa yenye harufu ya siki mpaka ikalala kwenye kila mfereji wa mbao kana kwamba imepakwa na mtu mwenye ngazi. Upande wa pili ulikuwa bado kwenye karatasi, ukisubiri.

Ng'ambo ya barabara aliishi Dot, mjane wa kaka yake Lester. Dot ndiye aliyekuwa na kompyuta.

"Nitafutie picha, shemeji," Verlin alimwambia asubuhi yake. "Kuna watu wanauza picha za zamani za reli."

"Kwani R ya kawaida ina ubaya gani?"

"Utepe umekwisha."

"Basi waache waende na mabehewa manane. Njoo Jumamosi, ule pai, uende zako nyumbani ukalale."

"Dot, yule mng'oa meno ameniita mwongo mbele ya watu."

"Hajakuita mwongo. Kakuomba picha."

"Kwetu sisi ni kitu kimoja."

Dot alivaa miwani yake, akaivua, akasema kompyuta inasumbua. Ilisumbua siku ile na siku iliyofuata. Mwishowe Verlin alipiga simu mwenyewe, akiulizia kwa huyu na yule, mpaka akampata mzee mmoja wa Ohio aliyekuwa na masanduku ya picha zilizopigwa na marehemu baba yake kando ya reli. Yule mzee akampigia baada ya nusu saa. Alikuwa nayo. 30417, Aprili 1974, rangi safi kabisa. Verlin aliweka simu chini akapiga meza kwa furaha, na picha ikatumwa kwa posta ya haraka.

Ilifika Alhamisi mchana. Hakutaka kuifungua peke yake. Alivuka barabara nayo, akaketi jikoni kwa Dot, aliyekuwa akimenya viazi, na akachana bahasha kwa kisu cha siagi.

Behewa lilikuwa lenyewe. Namba ilikuwa yenyewe. R ilikuwa imesimama wima, imefupishwa, ya stensili, kama R nyingine yoyote katika reli ile.

Verlin aliigeuza picha kutazama nyuma, kana kwamba R yake ingekuwa huko. Kisha akatoa kioo chake. Kulizunguka jina, rangi ya kutu ilikuwa imekolea zaidi, mstatili mrefu wenye kingo zinazoonekana. Chini pembeni, kwenye zile herufi ndogo zinazosema lini na wapi behewa lilipakwa, palisomeka mwezi wa tatu, sabini na nne, na alama ya karakana yao wenyewe. Yeye aliachishwa kazi Alhamisi. Karakana ilifungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Aliyelifuta jina lake akaliandika upya alikuwa mmoja wa wenzake, ndani ya siku hizo chache.

"Dot," alisema. "Hiki ni kiraka."

"Naam."

"Hata hujaitazama."

Kisu cha viazi kilisimama. "Sina haja ya kuitazama, shemeji."

Nje lori la taka lilipita, likafunga breki, likapita tena. Verlin aliweka kioo chini.

"Nani?"

"Msimamizi wenu, yule Fetterolf, aliwaita wote waje waone. Ulikuwa hata hujafika kwenye geti."

"Fetterolf alinishika mkono. Aliniambia hiyo R itafika California."

"Ndiyo. Halafu akasema, nani atamfutia huyu bwana mkia wake kabla ofisi haijaona. Wakasema, kaka yake si yupo?" Dot alitupa kiazi majini. "Lester ndiye aliyepewa brashi."

"Walicheka?"

"Walicheka mpaka wakakaa chini. Na Lester alicheka. Leo sitakudanganya."

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili. Alirudi nyumbani ana rangi mpaka kwenye nyusi."

Verlin aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mezani. Alitaka kumchukia Lester, lakini Lester alikuwa amekufa miaka sita iliyopita, na ni vigumu kumchukia mtu uliyebeba jeneza lake.

"Miaka hamsini, Dot. Kila Siku ya Shukrani nimeisimulia hapa, kwenye meza hii."

"Na kila mwaka nimekupa paja la bata mzinga ili mdomo upate kazi nyingine."

"Ungeniambia."

"Lini? Kabla ya bata au baada?" Alisema hivyo kwa ukali, kisha akajifuta mikono kwenye aproni, na sauti ikashuka kidogo tu. "Tulidhani utachoka nayo, Verlin. Kila mwaka tulisema, mwaka huu atachoka."

Hakuna aliyemlazimisha kufanya alichofanya Ijumaa. Angeweza kusema posta imepoteza bahasha, angeweza kuugua. Lakini alikuwa amewarudisha watu kumi na zaidi nyumbani na mabehewa yao kwa kukosa picha, na sasa picha ilikuwa hapa, mbele yake, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Alimpigia Royce kumwomba R mbili za kawaida kutoka kwenye karatasi zake za dukani. Royce alizileta mwenyewe, akaiona picha, na kwa mara ya kwanza katika kufahamiana kwao hakusema neno la kejeli. Hilo lilimuuma Verlin kuliko kejeli.

Alibandika karatasi ya gundi juu ya R yake, akaisugua kwa ukucha, akavuta. Ilitoka vipandevipande, kichwa kwanza, kisha mgongo. Mkia ulikataa. Ilibidi aukwangue kwa ncha ya wembe, taratibu, asije akaumiza rangi, na wakati anaukwangua alilia, bila sauti, akisimama kila mara kufuta kioo. Kisha akabandika R ya dukani. Kisha, kwa kuwa picha ilikuwa na kiraka, akachanganya rangi ya kutu na tone dogo la nyeusi na kuchora mstatili mrefu kulizunguka jina, kingo zake zikionekana kidogo, kama za mtu aliyefanya haraka huku anachekeshwa. Upande wa pili akabandika herufi zote ila R, akaweka ya dukani, akachora kiraka chake.

Kwenye karatasi ilibaki R moja, ile ya upande wa pili. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kutoka, aliikata, akailowesha, na kwa kukosa pa kuiweka akaisukuma juu ya ukucha wa kidole gumba. Akaisubiri ikauke, bila kuipaka dawa ya kuishikiza, akavaa koti, akaingiza mkono mfukoni.

Kanisani palikuwa pamejaa. Gari moshi la mwisho lilizunguka na mabehewa yake tisa, na watu wakapiga makofi. Royce akasimama juu ya kiti, akatangaza kwamba 30417 limepata alama mia kwa mia, jambo ambalo halijawahi kutokea mezani pale.

"Tazameni kiraka hicho!" alisema. "Hata kiraka kakiweka! Huyu ndiye fundi!"

Makofi yakaongezeka. Wanaume walimpiga Verlin mgongoni. Hakuna aliyeuliza habari ya R. Aliona kwenye nyuso zao kwamba Royce alikwisha kuwaambia.

Clem Orwig alikuwa ameleta donati, kama alivyofanya kwenye sherehe zote za mji, na kwa kawaida aliziacha mlangoni. Leo aliingia, fimbo mkononi, amezeeka sana. Akasogea mezani. Gari moshi lilipopunguza mwendo kwenye kona aliinama mbele ya behewa la mwisho, akalitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayesoma.

"Verlin," alisema. "Hili si ndilo lako?"

"Ndilo."

"Mkia uko wapi?"

Verlin alimtazama, akitafuta kisasi usoni mwake. Hakukiona, na alitamani angekiona.

"Haukuwapo," alisema. "Jina hilo kaandika Lester."

Clem alitikisa kichwa polepole. Gari moshi likaondoka mbele yao, likaingia kwenye handaki la plasta.

"Mimi ile hadithi yako niliiamini," alisema, akaenda kuchukua kofia yake.

"Shemeji!" Dot aliita kutoka kwenye dirisha la jiko la kanisa, mvuke umemzunguka, aproni imelowa. Miaka yote Verlin ndiye aliyeosha vikombe siku ya wageni. Aliviosha vizuri kuliko wote, kwa ile mikono yake mitulivu. "Shemeji, toa mikono mfukoni bwana! Vikombe vimejaa huku, na supu bado!"

Alikwenda. Akavua koti, akakunja mikono ya shati. R ilikuwa imekauka vizuri juu ya ukucha, nyeupe, bila mkunjo hata mmoja, na mkia wake ulivuka ukucha ukaishia kwenye ngozi. Sinki ilijaa mpaka juu, povu limesimama.

"Maji ni ya moto?" aliuliza.

"Ya moto sana," alisema Dot, akimpa kikombe cha kwanza.