Kabari ya Mti wa Fenesi

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Mwalimu Wimalaratne alilitoa Moris lake uani, akalipandisha mlima taratibu hadi dukani kwa Gunadasa, na kabla gari halijatulia vizuri mkewe Kusumalatha alikuwa ameshafungua mlango. Alishuka na kabari mkononi, kipande cha mti wa fenesi kilichong'aa kwa kushikwashikwa, akainama nyuma ya gurudumu la kushoto na kuisukumia chini ya tairi. Akishapiga bodi kwa kiganja mara mbili, Mwalimu aliachia pedali ya breki. Injini haikuzimwa, maana katika baridi ya milima ya Bandarawela ikizimwa huwa inanuna. Kusumalatha akaingia dukani kuchukua mkate na gazeti, Mwalimu akabaki ndani, kiwiko dirishani, akipokea salamu za watu wazima aliowahi kuwachapa viboko shuleni.

Ilikuwa hivyo tangu breki ya mkono ilipoacha kushika, mwaka aliozaliwa binti yao Dinushi. Na Dinushi sasa alikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumanne hiyo Dinushi alikuwa ng'ambo ya barabara akingoja basi la kazini. Alimwona mama yake akiinama. Alimwona pia mtu mmoja akimwita baba yake kutoka kibarazani, na baba akigeuza shingo ili amjibu. Mguu uligeuka na shingo, ukaachia breki. Moris likarudi nyuma, si sana, urefu wa kiganja kimoja.

"Aiyo," alisema mama yake. Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu aliyesahau chumvi kwenye mchuzi.

Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimebanwa kati ya tairi na kabari. Gunadasa alivifunga kwa taulo ya dukani, na Mwalimu, uso umempauka, akasema neno lake la kwanza: "Kusuma, ungefanya haraka kidogo tu."

Dinushi alilisikia neno hilo, na halikumtoka tena. Alikwenda nalo hospitali, akarudi nalo nyumbani, akalala nalo.

"Si neno, mwanangu," mama alimwambia, mkono umefungwa bandeji nene kama mkate. "Ni vidole tu. Mfupa utaunga."

"Jumatano ijayo unarudi kliniki Badulla. Utakwenda na nini?"

"Baba yako atanipeleka."

Barabara ya Badulla inateremka kona juu ya kona, korongo upande mmoja na ukuta wa mawe upande wa pili. Dinushi alikuwa mtu wa sauti ndogo. Katika chuo cha ufundi alikofundisha uchoraji wa mitambo, wanafunzi wa viti vya nyuma walimwomba kila siku aongeze sauti. Basi alikwenda uani, akafunua boneti, akafungua kifuniko cha distribyuta, akachomoa rota, kile kidude kidogo kinachozunguka na kugawa moto kwa plagi. Akakitia ndani ya kopo lake la chakula cha mchana.

Asubuhi iliyofuata haikumchukua Mwalimu robo saa kugundua.

"Nani kaniibia rota? Ni wale watoto wa jirani! Nitakwenda kwa baba yao sasa hivi!"

"Ninayo mimi," alisema Dinushi.

"Nini? Sema kwa sauti."

"Ninayo mimi, baba."

"Ilete."

"Siileti. Mpaka beringi za nyuma zibadilishwe, na breki zibadilishwe, zote nne."

Mwalimu alicheka, kicheko kile cha ofisini mbele ya mtoto mtoro. "Unajua kikombe kile cha sebuleni nilipewa kwa nini? Gari hili limetoka kiwandani mwaka hamsini na tisa, na mbele ya majaji wa magari ya kale kule Nuwara Eliya halijawahi kupungukiwa skrubu moja ya asili. Nilitie vyuma vya Kijapani? Miaka yote hii nani amekufa kwa breki zangu?"

"Mama amevunjika vidole!"

"Mama yako siku hiyo alikuwa na mawazo mengine."

"Jamani," mama aliita kutoka jikoni, "msigombane kwa ajili yangu. Si neno. Chai inapoa."

Dinushi alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Alimkasirikia baba, hilo lilikuwa wazi. Lakini wakati ule alimkasirikia zaidi mama, na chai yake ya rangi, na vipande vyake vya sukari guru alivyovipanga kwenye kisahani kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi alimleta Fundi Rasaiya bila kuomba ruhusa. Rasaiya alikuwa mzee mfupi mwenye kipini cha bisibisi kikichungulia mfukoni, na hakuna Moris katika wilaya nzima ambalo hakuwahi kulala chini yake, isipokuwa hili. Mwalimu hakuwahi kumruhusu mtu aliguse.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo hatimaye nimealikwa."

"Sijakualika."

"Nimealikwa na binti. Ni mamoja." Alishika gurudumu la nyuma la kushoto lililokwisha kuinuliwa kwa jeki, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akalizungusha, akatega sikio. "Unasikia, Mwalimu? Humu ndani kuna mtu anatafuna kokoto."

Mwalimu alisimama kibarazani na gazeti, kama mtu anayelinda benki. Dinushi alitoa gurudumu, akatoa dramu, na harufu ya oili ikamjia puani. Breki shuu, zile pande zinazoibana dramu, zilikuwa zimelowa, nyeusi, zikichuruzika. Beringi iliyokwisha ilikuwa imeiua sili, ule mpira wa kuzuia uvujaji, na oili ya ekseli ikawa inapita mwaka baada ya mwaka kwenda mahali pasipotakiwa hata tone moja.

"Breki hizi zimekaangwa, Mwalimu," alisema Rasaiya. "Ungezitia kitunguu na pilipili ungekula na wali."

Walipotoa hafu shafti, chuma kinachozungusha gurudumu, wakaiona nati kubwa ya kitovu cha gurudumu. Rasaiya akainamia, akapiga mluzi. Pembe za nati zilikuwa zimekatwakatwa kwa patasi.

"Nani alitafuna hapa? Hii nati ya upande wa kushoto inafunguka kwa kuzungusha kinyume. Huyu mtu alipiga nyundo kutwa nzima akidhani anafungua, kumbe anakaza!" Akacheka, akatazama juu kibarazani, na kicheko kikamfia mdomoni.

Mwalimu alikuwa akitazama milima ya chai.

"Nilikuwa na haraka," alisema mwishowe. "Ni siku nyingi sasa."

"Lini?" aliuliza Dinushi.

"Ulikuwa na wiki mbili tatu tangu uzaliwe."

Dinushi alisimama polepole, breki shuu mkononi. Kwa hiyo baba alijua. Alijua oili inavuja, akajaribu mwenyewe, akashindwa na nati moja, na badala ya kutembea hatua mia tatu hadi kwa Rasaiya na kusema nimeshindwa, akatwaa kipande cha fenesi, akakichonga kabari, akampa mwanamke aliyetoka kujifungua. Kana kwamba anamwambia: shika, uwe breki yangu. Na kwa miaka ishirini na sita akajivunia gari lisiloguswa, hata akapewa kikombe.

Alipanda kibarazani. Aliiweka breki shuu juu ya gazeti, juu ya magoti ya baba yake, na oili ikalowesha karatasi hadi kwenye saruni nyeupe.

"Hii," alisema. "Hii." Machozi ya hasira yalimwia mepesi kuliko maneno, na alijichukia kwa hilo, akarudi kwenye gari.

Rasaiya akafuta mikono. "Mwalimu, gari ni lako. Lakini mimi gurudumu hili sirudishi na uchafu huu. Tafuta fundi mwingine, na umwambie mwenyewe habari za nati."

Mwalimu alikunja gazeti kwa uangalifu, oili ikiwa ndani. "Haya, fanyeni," alisema. "Kwa ajili ya mama Dinushi."

Kufikia Jumapili jioni alikuwa akiwaambia majirani juu ya ua: "Nimeamua kulitia breki za diski mbele. Usalama kwanza." Dinushi alimsikia akiwa chini ya gari, akakaza nati hadi spana ikalia.

Beringi mpya walizifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzilaza kwenye friza ili chuma kisinyae. Mama alizikuta kati ya samaki na nazi iliyokunwa.

"Hivi tunazipika au zinapumzika?"

"Zinapumzika, mama. Keshokutwa zinaingia zenyewe bila kupigwa."

"Bora zao," alisema mama, akafunga friza.

Dinushi alimtazama, lakini mama alikuwa ameshageukia dengu zake.

Jumatatu basi la Colombo lilileta diski na kalipa za kuzibana, kutoka maduka ya vipuri ya Panchikawatta. Jumanne waliingiza beringi zikiwa na baridi kwenye vitovu vilivyopashwa moto, sili mpya, gasketi mpya, shuu mpya kavu nyuma, diski mbele. Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Rasaiya alikuwa kwenye chupa ya mafuta ya breki, Dinushi chini kwenye gurudumu, na ilihitajika mtu wa kukanyaga. Mwalimu alikuwa amekwenda kwa rafiki yake kutafuta saa ya heri kwenye almanaki.

"Mama! Njoo ukae kwenye usukani."

"Mimi? Sijawahi kukaa hapo."

"Unakanyaga tu. Mguu hauna bandeji."

Mama aliketi ukingoni mwa kiti kama mgeni. "Kanyaga," alisema Dinushi. "Shikilia. Achia. Kanyaga tena." Mwanzoni pedali ilikwenda hadi sakafuni. Kisha ikaanza kugoma, mara ya kumi, ya kumi na tano.

"Mbona haishuki tena?" mama aliuliza.

"Ndivyo inavyotakiwa. Imeshika."

Mama alikanyaga tena, bila kuambiwa, na tena. Alikaa pale muda mrefu, mkono mzima juu ya usukani, akitazama mbele kupitia kioo ambacho alikuwa hajawahi kukitazamia kutoka upande ule. Rasaiya alipomwambia yatosha, alikanyaga mara moja zaidi.

Jumatano almanaki ilitoa saa tatu na dakika kumi na nane kuwa saa ya heri. Desturi ilitaka ndimu nne, moja mbele ya kila gurudumu, gari lizipasue ndipo lianze safari. Dinushi alirudisha rota. Mwalimu aliketi kwenye usukani, amevaa nguo nyeupe za sherehe, macho kwenye saa ya mkononi. Injini iliwaka kwa mara moja. Alivuta breki ya mkono, na Moris likasimama kwenye mteremko wa uani bila kutikisika. Alitabasamu kama aliyeivumbua.

"Kusuma!" aliita kupitia dirishani. "Zimebaki dakika mbili. Weka ndimu."

Mama alikuwa amesimama na sahani ya ndimu, ameikumbatia kwa mkono wenye bandeji. Dinushi alinyoosha mkono aichukue. Mama akaivuta sahani kwake. Akatembea hadi dirisha la dereva, akaiweka sahani juu ya boneti, polepole.

"Shuka," alisema.

"Nishuke? Saa inapita, mama Dinushi."

"Ipite. Breki sikuziomba mimi, kaziomba mtoto. Mimi miaka yote hii nilikuwa nasema si neno, na nilikuwa nadanganya. Nilitaka siku moja tu, mvua inyeshe isinyeshe, ushuke wewe, uiname wewe kwenye lile gurudumu, na mimi nikae ndani nikikungoja."