Mkalimani wa Siku ya Sahihi

Armelle alishuka ngazi kwa makalio. Lifti ya jengo lao pale mtaa wa Edmonton ilikuwa mbovu tangu Jumatatu, na dereva wa gari la wagonjwa alisema angengoja dakika kumi tu. Ghorofa nne. Alijivuta kidato kwa kidato, mguu wa kushoto ukimfuata kama mzigo wa mtu mwingine. Lambert, jirani aliyekuwa akisali naye tangu Bukavu, alitangulia akimbebea magongo. Mwanamke aliyekuwa akipanda na mifuko ya sokoni alijibana ukutani kumpisha, akatazama pembeni.

Mguu ulimfia mwaka uliopita, asubuhi moja akipiga deki kwenye ofisi za watu. Picha za ubongo hazikuonyesha kitu. Daktari wa kwanza alimpa dawa za maumivu. Msimamizi wake wa kazi alimwita mwigizaji, akamfuta kwenye zamu. Ni Dakta Tom aliyesema ugonjwa ni wa kweli: hakuna mshipa uliokatika, ila amri ya ubongo haifiki mguuni. Akamweleza pia kuhusu majaribio yake. Dawa itokanayo na uyoga, ile inayomwonyesha mtu njozi. Dozi moja, saa sita kitandani, wasimamizi wawili pembeni. Huenda ikafungua njia.

Siku hiyo ya ngazi alikuwa akienda kutia sahihi ya kukubali majaribio, na kliniki alikuwepo mkalimani, Mtanzania aitwaye Lusajo. Kurasa za fomu zilikuwa kumi na tisa.

"Docteur," Armelle aliuliza, "siku ya dawa huyu ndugu atakuwa hapa? Nitataka mutu mwenye anasikia lugha yangu."

Tom alipekua karatasi. "Utaratibu unaruhusu wasimamizi wawili tu chumbani. Na fedha za mkalimani zilitengwa kwa ajili ya leo."

Lusajo alitafsiri, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama, unaweza kukataa."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba ana haki ya kukataa."

"Bila shaka," Tom alitabasamu. "Hakuna anayemlazimisha. Ila nafasi ni kumi na mbili, na wanaongoja ni wengi."

Mkobani mwa Armelle mlikuwa na barua ya ofisi ya msaada, iliyomlipa tangu apoteze kazi, ikidai uthibitisho kwamba anafuata matibabu. Akatia sahihi.

Wiki mbili baadaye alimeza vidonge, akafungwa kitambaa laini machoni. Pembeni yake walikaa wasimamizi wawili, Tom na Tejal, msichana wa mtaa wa Tooting ambaye babu yake, Mzee Mansukh, aliwahi kuwa na duka Kisumu. Kiswahili cha Tejal kilikuwa maneno manne: chai, njoo, pole, na nyamaza, lile ambalo bibi yake alimbembelezea alipokuwa mchanga.

Saa moja ikapita. Armelle alikuwa katikati ya shamba la maharagwe, mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Mama yake alikuwa amemwangukia juu ya miguu, akivuja damu. "Nyamaza," mama alinong'ona. "Usitikisike." Kisha mama akaacha kupumua. Buti za askari zikaendelea kupita, na Armelle hakutikisika mpaka jua likazama, uzito ule ukiwa juu ya mguu wake wa kushoto.

Kwa karibu miaka thelathini hakumwambia mtu. Sasa alianza kusema, kwanza polepole, kisha maneno yakamtoka kwa fujo. Na mguu ukainuka. Kamera ya chumbani iliuona. Tom aliuona, akamshika Tejal bega. Kisigino kiliachana na shuka, kikapanda.

"Mama iko hapa juu!" Armelle alilia. "Munitoleye mama! Iko mutu mwenye ananisikia?"

"Anasema nini?" Tom aliuliza.

"Sijui." Machozi yalimlenga Tejal. Akainama, akamshika Armelle mkono, akampa alichokuwa nacho. "Nyamaza," alimbembeleza. "Nyamaza, nyamaza."

Armelle akanyamaza. Mguu ukashuka taratibu.

Tom aliandika: *Mguu umeinuka, sekunde arobaini. Mgonjwa alitoa sauti zisizoeleweka, kisha akatulia.*

Jioni Armelle aliweza kukokota hatua sita kwa gongo moja. Sauti haikurudi, si siku hiyo wala wiki iliyofuata. Mtaalamu wa koo alikuta koo halina ugonjwa. Tom, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alikiri kwamba dalili inaweza kuhama, kutoka mguuni hadi kwenye sauti, akamwandikia barua ya kliniki nyingine yenye foleni ya miezi kumi na minne. Majaribio yake hayakuwa na fomu ya sauti. Walipima mguu.

Taarifa ya mguu ilifika ofisi ya msaada, kama ukurasa wa kumi na saba wa fomu aliyotia sahihi ulivyoruhusu. Msaada ukasitishwa: mhusika amepata nafuu. Rufaa zilipokewa kwa simu tu. Lambert akapiga, simu akiiweka mezani katikati yao.

"Mimi ni jirani yake. Hawezi kuongea."

"Naelewa, bwana," karani alijibu. "Lakini siwezi kuzungumza nawe mpaka mwenyewe anipe ruhusa kwa sauti yake. Ni kwa usalama wake."

"Nimekwambia hana sauti!"

"Hilo unaweza kulieleza vizuri kabisa, tukishapata ruhusa yake."

Lambert alimtazama Armelle. Armelle aliisogelea simu, akainama mpaka midomo ikakaribia kugusa kioo. Mishipa ya shingo ilimtoka. Ilikuja pumzi tu.

"Bi Armelle?" karani alisema kwa upole. "Sema ndiyo. Neno moja linatosha."

Tone la jasho lilidondoka juu ya kioo. Armelle alifumbua mdomo zaidi, mikono yote miwili ikiwa imeshika ukingo wa meza.

"Sisikii kitu, Bi Armelle. Bado upo?"