Msalaba wa Ainar

Gari la maiti lilipofika kwenye msitu wa misalaba, pale barabara ya makaburini inapoachana na lami, Meeta alimgonga dereva begani na kumwambia asisimame.

"Asisimame vipi?" akauliza shemeji yake, Heldur, ambaye alikuwa amepakata patasi na nyundo tangu kanisani. "Tukachonge wapi, hewani?"

"Hatuchongi."

Dereva alikuwa mtu wa mji mwingine, Võru, na ugomvi wa wafiwa haukumhusu, kwa hiyo alisimama kama alivyozoea. Watu wakashuka kwenye magari ya nyuma, wakajikunyata chini ya misonobari huku mvua ya theluji ikiwaingia shingoni. Laine, jirani yake Meeta, alikuwa tayari na chupa ya vodka na vigilasi kwenye kikapu. Hapo ndipo mji mdogo wa Leevamäe unapoagana na wafu wake. Mwanamume wa ukoo huchonga msalaba kwenye gome la mti, watu hunywa tone moja, jeneza huendelea na safari. Marehemu akiamka na kutaka kurudi kwake, atafika pale, atauona msalaba wake, atakumbuka kwamba amekufa, na atageuka. Mabwana wa Kijerumani waliotawala zamani walikuta mambo ndivyo yalivyo, na wakubwa wa chama cha kikomunisti waliokuja baadaye wakanyamazisha kengele za kanisa lakini hawakuthubutu kuigusa miti ile.

"Shemeji," Heldur akasema kwa sauti ya chini, "usituaibishe. Kaka yangu Kaljo nilimchongea mimi hapa hapa, na hukusema neno."

"Kaljo alikuwa mzee, alikuwa amechoka, na alifia kitandani kwake. Huyu sijakaa naye." Meeta alishika mlango wa gari kwa mikono miwili. "Miaka tisa, Heldur! Namwambia njoo, ananiambia mwakani, mama. Leo ndiyo kaja, halafu wewe unataka kumfungia mlango wa kwao?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Meeta alikuwa na huyo mmoja tu. Ainar alikwenda Finland kujenga maghorofa ya watu, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi asubuhi yenye barafu, akarudishwa kwa meli ndani ya jeneza ambalo mama yake alishauriwa asilifungue.

Laine alijaribu bahati yake. "Mwenzangu, ukimwachia njia wazi atatusumbua sote. Mimi nalala peke yangu, unajua."

"Lala na taa."

"Umeme ulivyo ghali!"

Mchungaji alikohoa, akasema kanisa halina neno kuhusu miti, na kwamba kaburi linajaa maji. Basi wakaondoka. Heldur aliitia patasi mfukoni, akamnyang'anya Laine chupa, akapiga funda lililozidi tone. Katika ukoo wao wa Traks hakuna aliyewahi kukosa msalaba pale, ila wale waliozikwa mbali.

Na waliozikwa mbali ni wengi. Leevamäe ililetwa na reli, ikalishwa na kiwanda cha kitani, na kwa muda ikajiona itakuwa mji mkubwa. Ilikuwa na watu elfu nne, bendi ya wazimamoto, na waoka mikate wawili waliochukiana. Vita vikapita juu yake kwenda na kurudi. Kisha ikaja ile asubuhi ya Machi, na kwa amri ya wakubwa wa chama familia nzima nzima zikapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa Siberia, kwa reli ile ile iliyouleta mji. Miaka ikapita, kiwanda kikafungwa, mipaka ikafunguliwa, na vijana wakaondoka wenyewe bila kusukumwa na bunduki ya mtu. Hapo ndipo panapouma zaidi. Siberia ina wa kulaumiwa, lakini utamlaumu nani kwa tiketi ya meli? Reli ziling'olewa zikauzwa vyuma chakavu, shule ikabaki na madarasa mawili, na sasa watu hawafiki mia nane, wengi wao wajane wenye paka.

Waliofia Siberia hawana misalaba msituni, maana hapakuwa na jeneza la kusimamisha. Bibi yake Meeta, mzaa mama, alipoteza mume huko, na hilo la kukosa msalaba aliliona bahati. "Huyu hakufungiwa njia," alikuwa akisema, na mpaka anazikwa aliapa kwamba kila vuli mumewe huja kukohoa ghalani. Wajukuu walicheka. Meeta hakucheka, kwa sababu alipokuwa na miaka saba alikisikia kikohozi chenyewe.

Kwa hiyo alirudi kutoka mazishini akiwa na kazi ya kufanya. Aliwasha jiko la chumba cha Ainar, akatandika kitanda, akaacha mlango wa nje bila komeo. Jumamosi aliwasha sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke kule uani, akaloweka fagio la majani ya mti wa mbetula la kujichapia mwili, akatundika taulo la mtu wa pili. Alipika uji mzito wa viazi na shayiri, akakaanga vipande vya nyama ya nguruwe na vitunguu juu yake, kile chakula ambacho Ainar alikuwa akikwangua mpaka sufuria inalia. Aliketi akangoja. Uji ukaganda, na asubuhi akawapa kuku wa Laine.

Mji ukaanza kumkwepa. Dukani wanawake walinyamaza alipoingia, kisha wakaanza kuzungumzia bei ya siagi kwa sauti kubwa mno. Mtu alimfungia tawi la mti wa kufukuza mizimu kwenye lango lake, na Meeta akalitupa barabarani mchana kweupe ili aliyelifunga aone.

Heldur alikuja mwisho wa wiki ya pili. Hakuvua koti.

"Shemeji, nitakwambia kitu na utanichukia."

"Nimekuchukia tangu msituni. Sema."

"Mkataa kwao mtumwa. Ainar aliikataa Leevamäe akiwa mzima, ana miguu, ana gari, ana pesa ya petroli. Unadhani atakuja kukaa hapa sasa hivi?"

"Na binti zako wawili wa Ireland? Wao wanakuja lini?"

Heldur alitazama kiti kitupu mezani, ambacho kilikuwa na sahani na kijiko mbele yake. "Wao wanapiga simu," akasema, akatoka.

Meeta aliendelea. Kila jioni aliweka taa kwenye dirisha linalotazama barabara, kwa sababu nyumba yake iko katikati ya makaburi na kituo cha basi, na mtu anayetoka huku akienda huko lazima apite langoni kwake. Alijua hata mzimu una haya, labda angependa kuitwa. Akawa anamwita, mwanzoni kimoyomoyo, halafu kwa sauti, jina lake tu.

Ilikuwa Jumanne, kumekucha lakini jua halijajitokeza, Laine alipogonga dirisha la jikoni. Alikuwa amevaa koti juu ya gauni la kulalia, na viatu vya mpira vya marehemu mumewe. Alikuwa mweupe kama unga.

"Keti," Meeta akamwambia. "Nikupe kahawa?"

"Nimemwona."

Meeta alishika ukingo wa meza. Kwa muda mdogo sana uso wake ulikuwa uso wa msichana. "Wapi? Bustanini? Nilisikia kitu jana—"

"Siyo bustanini, mwenzangu." Laine alikunja na kukunjua mikono. "Nilikuwa nawafungulia kuku. Kasimama kituo cha basi. Kavaa lile koti la bluu, na begi begani."

"Begi?"

"Begi, ndiyo. Anangoja lile basi la asubuhi la Tartu."

Kahawa ilianza kuchemka ikamwagikia jiko, na hakuna aliyenyanyuka. Meeta alikuwa anayafikiri maneno yale moja moja. Kutoka makaburini kwenda kituoni ni lazima upite langoni.

"Alipita hapa," akasema.

"Alipita."

"Taa ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka. Hata mimi niliiona."

"Hakugeuza kichwa? Hata kidogo, Laine? Usinidanganye, tumejuana tangu tuna meno ya utoto."

Laine angeweza kudanganya, na kwa kawaida alikuwa hodari wa kudanganya, hasa kuhusu umri wake na mayai ya kuku wake. Safari hii alishindwa. "Hakugeuka," akasema. "Alikuwa anatazama barabara, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Basi likaja, dereva hakumwona, likampita. Naye akatikisa kichwa hivi, unajua alivyokuwa akitikisa, akarudi kwa barabara ya makaburini. Ninavyomjua, kesho atajaribu tena."

Meeta hakulia. Alizima jiko, akapangusa kahawa iliyomwagika, akavaa koti na kilemba cha sufu. Laine alimuuliza mara mbili anakwenda wapi. Mara ya pili aliuliza akiwa peke yake jikoni.

Heldur alikuwa anapasua kuni uani kwake.

"Nipe patasi."

Mzee alimtazama, akaelewa nusu, na nusu ile ikamtosha kulegeza mabega. "Afadhali, shemeji. Ngoja nichukue kofia nije nikuchongee."

"Nitachonga mwenyewe."

"Mwanamke hachongi."

"Basi nitafutie mwanamume wa ukoo. Nani yuko? Wewe na huo mgongo wako? Leta patasi, Heldur, yuko makaburini sasa hivi na sijui atakaa mpaka lini."

Hilo la mwisho Heldur hakulielewa kabisa, lakini alikwenda naye. Walipita kiwanda cha kitani kisicho na madirisha, wakapita nyumba zilizofungwa mbao, nyumba ambazo wote wawili walijua nani alizaliwa ndani yake na yuko nchi gani leo. Msituni Meeta alipita msonobari wa mkwewe, akapita wa Kaljo, ambao msalaba wake ulikuwa umeanza kufunikwa na gome, akachagua mti mnyoofu pembeni kabisa mwa njia.

Gome la msonobari mzee ni nene. Patasi iliteleza, ikamkata kidole, akainyonya damu akaendelea. Heldur alijitolea, akakataliwa. Mstari wa wima ulitoka umepinda. Alipoanza ule wa kukingama, machozi yalikuja yote kwa pamoja, ya siku ya simu kutoka Finland, ya siku ya jeneza, ya uji ulioganda, naye alipiga nyundo huku akilia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa.

Heldur hakujua mikono yake aiweke wapi. "Basi, shemeji, basi," akasema. "Umefanya vyema. Mwache apumzike. Kumwachia mtu aende ni kazi ngumu."

Meeta aligeuka, nyundo mkononi, uso umelowa.

"Kumwachia? Nani kakwambia namwachia? Alikuwa kituoni leo, Heldur. Na begi. Alipita dirishani kwangu kama anapita kwa mtu asiyemjua, akaenda kungoja basi la Tartu." Akaupiga mti kwa kiganja. "Wote mnaogopa asije nyumbani. Hana mpango na nyumbani! Anataka kuondoka tena. Akiwa mzima niliogopa kumwambia usiende, nikasema ni mtu mzima, nikamfungia mkate na samaki, nikampungia mkono. Sasa sitaki kusikia. Atakaa hapa. Asinijie, asinitazame, lakini atakaa Leevamäe na mimi nitajua alipo."

Akarudi kwenye mti. Pigo likatoka dhaifu, la pili likakosa.

Heldur alisimama kidogo, akiwa ameshika kofia. Jumapili ile binti zake walikuwa wamepiga simu, mmoja baada ya mwingine, na wote wawili wakasema labda mwakani. Alivaa kofia yake, akamwondolea Meeta nyundo na patasi taratibu, naye hakumzuia. Mzee akapiga magoti kwenye majani yaliyooza, mgongo wake ukilalamika, akaanza kuuchimba upya ule msalaba uliopinda, akipita gome, akiingia ndani ya mti wenyewe, kwa nguvu ambazo Meeta hakuwahi kumwona nazo.

"Zaidi," akasema Meeta.

"Nazamisha," akasema Heldur. "Nazamisha."